Jinsi ya Kuhesabu na Kutunza Samaki wa Mlango wa Sabaki

Mto unaoitwa Athi ukiwa bara, Galana ukipita Tsavo, na Sabaki ukikaribia pwani, humwaga maji yake baharini kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi, kabla ya kufika Mambrui. Ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Pale maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi pana mikoko, matope, mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu, viboko, na ndege wa kila namna. Pana pia malezi ya samaki. Mkizi huzaa baharini, lakini wanawe huingia mlangoni kukua. Mwatiko vivyo hivyo. Kamba hutaga nje, watoto wao huletwa na maji ya kujaa hadi mikokoni, hukaa humo miezi michache, kisha hurudi baharini wakiwa wakubwa. Mkunga wa mtoni hufanya kinyume: huzaliwa bahari kuu, hupita mlangoni akiwa mdogo kama uzi, akapanda mto na kuishi huko miaka mingi.

Kwa hiyo anayevua mlangoni anagusa samaki wa mto, wa ghuba na wa mwambani kwa pamoja. Katika kila baraza la wavuvi utasikia kwamba samaki wamepungua, na hakuna anayebisha. Ukiuliza ni samaki gani, tangu lini, kwa kiasi gani, na ni kwa sababu ya nyavu, matope au mikoko, ndipo sauti zinapotawanyika. Afisa akija na jedwali lake, jedwali ndilo linalosikilizwa. Mwongozo huu umeandikwa ili BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, nayo iwe na jedwali lake, lililoandikwa na wavuvi wenyewe, na liwe la kweli kiasi cha kusimama mbele ya mtu yeyote.

Hatua ya 1: Chagueni swali moja

Kikundi kinachotaka kujua kila kitu huchoka kabla ya msimu kugeuka. Anzeni na swali moja linaloweza kujibiwa kwa daftari, ubao wa kupimia na mizani. Kwa mfano: mkizi wanaovuliwa mlangoni, ni wangapi hawajawahi kuzaa? Au: kaa wa mikokoni wanapatikana kwa shida zaidi kuliko mwaka jana? Au: wavu wa macho madogo unatoa samaki gani ambao wavu wa macho makubwa hauwagusi?

Swali likishapatikana, andikeni mapema mtafanya nini jibu likija hivi, na mtafanya nini likija vile. Kama majibu yote mawili hayabadilishi lolote katika uvuvi wenu, badilisheni swali.

Hatua ya 2: Ruhusa na watu

Kuandika samaki waliokwisha kuvuliwa na kutua bandarini ni kazi halali ya BMU, inayotambuliwa tangu kanuni za BMU za mwaka 2007. Kuingia majini na wavu wenu kwa ajili ya utafiti ni jambo jingine. Hapo onaneni kwanza na afisa wa uvuvi wa kaunti na ofisi ya Huduma ya Uvuvi ya Kenya, na mkishirikiana na mtafiti hakikisheni ana kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, hamna ruhusa ya kuvua hata kwa kupima bila KWS, shirika la wanyamapori. Mikoko ina wenyewe pia: ni KFS, shirika la misitu.

KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, hupokea maswali ya jamii. Waombeni wawasaidie kutambua spishi na kukagua fomu yenu kabla hamjaanza, maana fomu mbovu ikishatumika mwaka mzima haitengenezeki.

Watu wa kuandika wawe wawili kwa zamu, mmoja wao awe mwanamke kama inawezekana. Sababu itaonekana mbele.

Hatua ya 3: Ramani ya wazee, kalenda ya mwezi

Kaeni na wazee wa uvuvi mchoreshe mlango wote kwenye karatasi kubwa: mkondo mkuu, vijito vya mikokoni, mafungu ya mchanga, mahali pa kina, mahali viboko hulala. Ugaweni katika maeneo matano au sita yenye majina ambayo kila mvuvi anayajua. Msiombe mtu awaonyeshe mahali pake pa siri pa samaki. Jina la eneo kubwa linatosha kwa hesabu, na mvuvi akijua siri yake haitatoka atakuambia ukweli kuhusu mambo mengine yote. Mkikosea hapa daftari litajaa uongo wa heshima.

Waulizeni pia mto ulipita wapi walipokuwa vijana. Sabaki hubadilisha mlango wake, na ufuo wa Malindi umesogea kuelekea baharini kwa mchanga na udongo unaoletwa na mto kutoka mashamba ya bara. Mahali palipokuwa na maji ya kina huenda leo ni mchanga mkavu. Hesabu ya samaki isiyokumbuka hilo itawalaumu wavuvi kwa kazi iliyofanywa na matope.

Kisha kalenda. Kila siku ya kazi iandikwe kwa tarehe mbili: ya kawaida na ya mwezi mwandamo. Bamvua, yaani maji makubwa, huja karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, na tofauti ya maji kupwa na kujaa huweza kufika karibu mita 3. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, huja karibu na tarehe 7 na 22 za mwezi mwandamo. Samaki wa vijitoni hawavuliwi sawa katika maji haya mawili: kwenye bamvua wanaingia ndani kabisa ya mikoko na kutoka kwa kasi, na mwenye uzio, yaani wigo wa kunasia samaki, hupata wengi. Ukilinganisha bamvua ya mwezi huu na maji mafu ya mwezi uliopita umelinganisha vitu viwili visivyofanana.

Misimu nayo iingie. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na mitumbwi mingi hushindwa kutoka nje ya mwamba, kwa hiyo wavuvi hukimbilia mlangoni na vijitoni. Samaki wa mlangoni wakionekana wengi bandarini wakati huo, huenda ni kwa sababu nyavu zimeongezeka humo, si samaki. Wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia na watu hutawanyika. Matope nayo hufuata pepo: kusi huyasukuma kaskazini upande wa Mambrui, kaskazi huyaleta kusini mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi. Mafuriko ya vuli yakikutana na mwanzo wa kaskazi, maji ya kahawia hufika mjini.

Ndiyo maana tunasisitiza: msitoe hukumu yoyote kabla daftari halijapita kusi moja na kaskazi moja nzima. Misimu miwili miwili ni bora zaidi.

Hatua ya 4: Daftari la bandarini

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ikifanywa vizuri, mengine yote yakishindikana bado mtakuwa na kitu cha thamani.

Chagueni siku za kuandika mwanzoni mwa mwezi, kwa kura, nusu zianguke kwenye bamvua na nusu kwenye maji mafu. Msichague siku ambazo mmesikia samaki ni wengi. Kumbukeni Ijumaa wengi hawaingii majini au hutoka baada ya swala, basi siku hiyo ihesabiwe peke yake. Siku ya zamu ikifika na vyombo vikiwa vingi, andikeni kila chombo cha tatu kinachotua, awe ni rafiki yako au si rafiki yako.

Mvuvi anayeshuka amechoka, ana njaa, na tajiri anayenunua samaki anamsubiri. Anzeni kwa utu.

"Pole na bahari, nahodha."

"Tushapoa."

"Naomba dakika mbili za daftari. Mmeingia majini saa ngapi, na mmetoka saa ngapi?"

Maswali yawe machache na ya mpangilio ule ule kila siku: chombo gani (mtumbwi, hori, dau, mashua, au kwa miguu), watu wangapi, mtego gani (nyavu za jarife au kimia, mshipi, malema ya kusukwa, uzio), idadi ya mitego na ukubwa wa jicho la wavu, saa walizovua, eneo la ramani, kisha kilo za kila aina ya samaki. Jicho la wavu lipimwe kwa rula, likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo la mkabala. Usiandike ukubwa wa kuambiwa.

Saa na watu ndivyo vinavyosahaulika, na bila hivyo daftari ni risiti ya soko tu. Tuseme mtumbwi mmoja umeleta kilo 60, watu 4 wamevua saa 5. Hizo ni saa 20 za kazi, kilo 3 kwa saa. Mwaka unaofuata chombo hicho hicho kinaleta kilo 72, na bandari nzima inashangilia. Lakini sasa ni watu 6 waliovua saa 8: saa 48, kilo moja na nusu kwa saa. Rundo limekua na bahari imetoa nusu. Mvuvi mwenyewe analijua hilo mgongoni mwake, ila hana namna ya kumwonyesha mtu.

Linganisheni mtego na mtego wa aina yake tu. Jarife huchagua samaki kwa jicho lake: wadogo hupenya, wakubwa mno hawaingii shingo. Mshipi huchagua kwa ndoana na chambo. Uzio hukusanya karibu kila kinachotoka na maji. Mkichanganya mitego kwenye hesabu moja, mabadiliko ya mitego yataonekana kama mabadiliko ya samaki.

Sasa kuhusu mama karanga, yaani mama anayekaanga samaki wa kuuza. Samaki wakubwa huishia kwenye mizani ya tajiri na huonekana na kila mtu. Wale wadogo huuzwa kwa mafungu kwa kina mama wanaokaanga, au hupelekwa nyumbani kwa kitoweo. Daftari likikaa kando ya mizani ya tajiri pekee, mtaamini kwamba mlango hautoi samaki wachanga, na hao ndio swali lenyewe. Nendeni hadi kwenye karai. Zaidi ya hayo, mama karanga ndiye anayempasua samaki. Anajua mwezi gani mayai yamejaa na mwezi gani tumbo ni tupu, kwa kila aina, kwa miaka mingi. Mpeni karatasi yenye alama rahisi: hana mayai, mayai yanaanza, mayai yamejaa, yameshatoka. Alipwe kwa muda wake kama anavyolipwa mwandishi mwingine yeyote. Hatujaona chanzo cha taarifa za kuzaa kilicho karibu na rahisi kuliko hiki, na kwa kawaida hakuna anayekiuliza.

Majina ya samaki yatawasumbua. Mswahili wa Malindi, Mbajuni na Mgiriama wanaweza kumwita samaki mmoja kwa majina matatu, na jina moja kama mkizi linabeba spishi kadhaa. Tengenezeni kitabu cha picha mlizopiga wenyewe, kila picha na majina yake yote na namba moja. Daftarini iandikwe namba.

Hatua ya 5: Kupima

Ubao wa kupimia hutengenezwa na seremala yeyote: ubao laini, rula ya chuma katikati, na kipande cha mbao kilichosimama wima mwanzoni mwa rula. Mdomo wa samaki uguse kile kipande, kinywa kikiwa kimefungwa, samaki amelala ubavu wa kulia kila mara.

Kwa samaki wenye mkia uliogawanyika kama mkizi, mwatiko na kolekole, pimeni hadi kwenye panda ya mkia, kwa sababu ncha hukatika. Kwa mkia wa mviringo kama wa chewa, hadi mwisho wa mkia. Mkishaamua kipimo kwa aina fulani, msikibadilishe kamwe. Kaa hupimwa upana wa gamba, mwiba hadi mwiba. Kamba hupimwa gamba la kichwa, kutoka nyuma ya jicho hadi ukingo wa nyuma wa gamba, maana pembe ya mbele huvunjika.

Msichague samaki wa kupima kwa macho. Mkono huvutwa na wakubwa. Jazeni ndoo kutoka kwenye rundo bila kuchambua, kisha pimeni kila kilichomo, hata kama ni chaa 100 wa ukubwa mmoja. Wakati wa karatasi, wapangeni kwa madaraja ya sentimita 2 mchore minara yake. Mwezi baada ya mwezi mtaona kilima cha samaki wachanga kikisogea kulia kadiri wanavyokua, na mtajua wanaingia mlangoni mwezi gani. Mwezi huo ndio wa kuulinda.

Jinsia ya kaa inajulikana bila kumpasua: mgeuze. Jike mzima ana kifuniko cha tumbo kipana cha mviringo, dume ana chembamba cha pembetatu.

Hatua ya 6: Maji

Kila siku ya daftari, pimeni maji sehemu zile zile, saa ile ile ya maji (tunapendelea mwisho wa kupwa na mwisho wa kujaa). Chumvi hupimwa kwa refraktomita, kifaa cha mkononi kisichohitaji betri, tone moja tu. Bahari ni karibu gramu 35 kwa kilo ya maji, mto ni karibu sifuri, na mlangoni mtaona kila kilicho katikati. Joto kwa kipimajoto. Uchafu wa maji kwa sahani ya sentimita 20 yenye robo nyeusi na nyeupe, ikishushwa kwa kamba mpaka ipotee machoni. Mkiweza kupata kipimo cha oksijeni, kikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita samaki wengi hutaabika, na pengine mtaelewa kwa nini vijito fulani havina kitu baada ya mafuriko.

Mto ukijaa, samaki wa bahari hurudi nyuma, na kambare na perege wa mtoni hushuka hadi mlangoni. Bila kipimo cha chumvi mtadhani mkizi wameisha, kumbe wamesogea nusu kilomita.

Vipimo hivi vina faida nyingine. Mradi wa bwawa la Thwake uko juu kwenye mto huu huu. Bwawa hushika maji matamu na udongo, na mlango wa mto huishi kwa vyote viwili. Atakayetaka kujua mlango umebadilika vipi atauliza ulikuwaje kabla, na daftari lenu linaweza kuwa na jibu.

Hatua ya 7: Kuingia majini wenyewe

Kama swali ni la samaki wachanga, daftari la bandarini halitoshi, kwa kuwa wengi wao hawafiki bandarini. Kwa kibali, tumieni wavu mdogo wa macho membamba kwa muda mfupi, umbali ule ule kila mara, mara tatu katika kila eneo, wahesabuni kwenye beseni lenye maji na warudisheni hai. Nendeni mchana, watu wasiopungua watatu, pamoja na mwenyeji anayejua viboko wako wapi siku hiyo. Kiboko ambaye umesimama kati yake na maji ni hatari kuliko aliye majini. Mamba wapo pia. Hakuna takwimu inayostahili mguu wa mtu.

Hatua ya 8: Kutia alama, kwa kaa wa kijito kimoja

Kuhesabu wote haiwezekani, lakini kijito kidogo kinaweza kukadiriwa. Tegeni kaa, watieni alama ya rangi isiyofutika kwenye gamba, waachieni pale pale mlipowatoa. Baada ya siku chache tegeni tena na hesabuni wenye alama. Tuseme mlitia alama kaa 200, mara ya pili mkapata kaa 150, kati yao 12 wana alama. Zidisheni 200 kwa 150, gawanyeni kwa 12: kijito kina kaa wapatao 2,500. Wenye alama wakiwa chini ya 10, msiamini jibu, ongezeni mitego.

Hesabu hii inasimama juu ya sharti kwamba kaa hawajaingia wala kutoka, na alama haijapotea. Kaa hujivua gamba, na rangi huondoka nalo. Jike mwenye mayai huondoka kwenda kuzalia baharini. Kwa hiyo fanyeni kazi ndani ya maji mafu, duru mbili zikiwa karibu, na msiirudie katika mkondo mkuu ambako kila bamvua huleta wageni.

Hatua ya 9: Kusoma mlichoandika

Mambo matatu yanatosha kwa kuanzia: kilo kwa saa ya kazi kwa kila mtego, urefu wa katikati wa kila samaki, na sehemu ya samaki waliovuliwa kabla hawajazaa.

La tatu linahitaji uangalifu. Chukueni majike, wapangeni kwa urefu, tafuteni daraja ambalo nusu yao wana mayai yaliyokomaa. Huo ndio urefu wa kuanza kuzaa. Fanyeni hivyo katika miezi ya kuzaa tu, la sivyo jike aliyepumzika atahesabiwa mchanga. Na kwa samaki wanaozalia baharini kama mwatiko, msitafute mayai mlangoni. Mwatiko wa mlangoni ni wachanga hata wakionekana wanene mkononi. Wazazi wao wako nje. Pimeni wale wanaoletwa na wavuvi wa nje ya mwamba, ndipo mlinganishe. Chewa ana jambo lake: wengi huanza wakiwa majike na kugeuka madume wakiwa wakubwa, kwa hiyo kuwavua wakubwa tu ni kuwamaliza madume.

Kilo kwa saa zikishuka huku urefu nao ukishuka, uvuvi umezidi. Kilo zikishuka lakini urefu ukabaki, tazameni kwanza maji: chumvi, matope, mafuriko. Urefu ukishuka kwa ghafla na kilo zikapanda, ulizeni kama kuna wavu mpya bandarini.

Hatua ya 10: Kutoka daftarini hadi sheria

Kabla ya kutunga jipya, simamieni lililopo. Juya la kukokota limepigwa marufuku nchini tangu 2001, na mlangoni ndiko linakoumiza zaidi, kwa kuwa linachota wachanga na kung'oa majani ya bahari kwa mkupuo mmoja. Wanaolitumia mara nyingi ni vibarua wa tajiri mwenye wavu. Zungumzeni na mwenye wavu.

Kisha chagueni hatua inayolingana na jibu lenu. Kama wachanga hujaa kijito fulani miezi miwili, fungeni kijito hicho miezi hiyo miwili, si mlango mzima mwaka mzima. Watu hutii kifungo kifupi wanachokielewa. Pwani yetu ina mfano wa tengefu la Kuruwitu, kusini mwa Kilifi, ambako wavuvi wenyewe walitenga sehemu ya bahari yao. Kule ni mwamba na huku ni matope, lakini namna ya kukubaliana ni ile ile. Kama malema yanashika wachanga, wekeni upenyo mwembamba ubavuni ili wadogo watoke. Malema ya namna hiyo yameshajaribiwa Kenya. Kwa kaa, jike mwenye mayai arudishwe, na BMU imwambie mnunuzi asimpokee, maana bila mnunuzi hakuna atakayemshika. Mchu, mkoko na mlilana zilizokatwa kando ya kijito zirudishwe mahali pake, kila mti kwenye kimo cha maji unachokipenda. Kupanda mkoko kwenye fungu la mchanga ni kupoteza miche.

Sheria ndogo ipite kwenye mkutano mkuu wa BMU, iandikwe, ipelekwe kwa mamlaka ya uvuvi iidhinishwe chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2016. Isiyoidhinishwa haimzuii mgeni wa bandari jirani, na Sabaki hutumiwa na bandari zaidi ya moja. Wakaribisheni Mambrui tangu siku ya ramani.

Acheni kijito kingine kinachofanana bila kukifunga, na kipimeni vivyo hivyo. Bila hicho, mvua nzuri ikija samaki wakaongezeka, mtajisifu kwa kazi ya mvua.

Yapo mambo yaliyo nje ya uwezo wa BMU. Udongo wa Sabaki unatoka mamia ya kilomita juu. Meli za kukokota kamba katika Ghuba ya Malindi na Ungwana zilisimamishwa mwaka 2006 baada ya ugomvi wa muda mrefu na wavuvi wadogo, na ziliporejea 2011 zilikuta mpango wa usimamizi wa kamba wa mwaka 2010 wenye mipaka na msimu wa kufunga. Mambo hayo huamuliwa mezani Nairobi, na mezani hapo hupelekwa karatasi. Pelekeni yenu.

Kila baada ya miezi mitatu, matokeo yasomwe barazani kwa wavuvi kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, kwa michoro mikubwa ukutani, na kila mwenye pingamizi aachwe aseme. Nakala moja ya daftari ibaki ofisi ya BMU, ya pili kwa afisa wa uvuvi, ya tatu ipigwe picha na kuhifadhiwa kwenye simu za watu wawili wasiokaa nyumba moja. Mwenyekiti akibadilika baada ya uchaguzi, makabidhiano ya daftari yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano na kutiwa sahihi, sawa na makabidhiano ya pesa.